Mkaguzi Mkuu na Mende wa Maharage

Ieleweke kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba katika likizo ya mwezi mmoja niliyopewa na shule yetu ya bweni, mtaa wetu ulimpata kwa mara ya kwanza Mkaguzi Mkuu wa Migahawa, Vyakula na Vinywaji. Mkaguzi huyo alijiteua mwenyewe, akajiapisha mbele ya kioo cha bafuni, na kabla hajamaliza kiapo akaitwa na mama yake apeleke mahindi mashineni.

Mkaguzi huyo nilikuwa mimi.

Kila asubuhi nilifagia ua, nikachota maji, nikampelekea baba chai kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Baada ya hapo nilikuwa huru. Mchana nilikula katika mgahawa wowote niliotaka, maana mama alisema heri kunilisha barabarani kuliko kunisikiliza jikoni. Jioni niliandika taarifa kwenye karatasi ya daftari, na alfajiri niliibandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga. Pale foleni ni ndefu na watu hawana la kufanya ila kusoma.

Chai ya mgahawa wa kona niliiandika hivi: "Maji haya yalipita karibu na majani ya chai, yakayasalimu, yakaendelea na safari." Kuhusu kuku wa jirani yake niliandika kwamba marehemu alifariki kwa uzee, akiwa amezungukwa na wajukuu. Mkaanga samaki, mwanamume mnene ambaye watoto wote tulimwita mjomba, nilimwandikia kwamba samaki wake ni mkavu kiasi cha kufaa kusugulia miguu. Foleni ilicheka mpaka unga ukamwagika. Mkaanga samaki hakucheka. Alitangaza kwamba akimjua mwandishi, mkono ule utaingia kwenye karai moja na samaki.

Hakuna aliyenijua, ila mdogo wangu wa kike, ambaye hulala chumba kimoja na wino wangu. Yeye aliniita Mkaguzi wa Masufuria Matupu.

Ukabaki mgahawa mmoja, wa Mama Mwiko, unaotazamana na karakana ya baba. Ulikuwa chumba kimoja chenye meza sita zilizotandikwa vitambaa vya plastiki. Mlangoni palikuwa na beseni na ndoo yenye bomba kwa ajili ya kunawa, na ukutani palikuwa na ubao wa chaki ulioandikwa vyakula vya siku. Mwenyewe hakuwahi kuonekana akitabasamu. Alikuonyesha pa kukaa kwa mwiko, akakuonyesha pa kulipa kwa mwiko, na ukiuliza swali la kijinga, mwiko ulikutazama kwanza kabla yake.

Sasa, katika maktaba ya shule niliwahi kusoma jarida la zamani lililoeleza kazi ya mabingwa wa divai. Bingwa huzungusha kinywaji katika glasi, hukinusa, hukipigisha kona mdomoni kama anayesukutua, halafu hukitema. Akimeza, si bingwa, ni mlevi. Divai sikuwa nayo, na baba angenivunja mkono. Kwa hiyo Jumatatu moja mchana niliingia kwa Mama Mwiko, nikaagiza juisi ya ndimu, nikaizungusha, nikainusa macho yakiwa yamefumbwa, nikaisukutua kwa heshima zote. Kisha, mbele ya wateja waliojaa meza zote sita, nikaitema kwenye beseni la kunawia.

Mwiko ulinijia kabla ya mwenye mwiko.

"Umetema nini?"

"Juisi, mama. Ni utaratibu wa kitaalamu."

"Kwenye beseni watu wanaponawia mikono."

Nikaanza kumweleza kuhusu mabingwa. Hakungoja niwamalize.

"Toka," alisema. "Siku ukirudi, njoo na mdomo unaojua kazi yake."

Wateja waliangua kicheko. Fundi viatu, ambaye benchi lake liko nje ya mlango ule, alicheka mpaka wali ukampalia, wakampiga mgongo. Kufika jioni watoto wa mtaa walikuwa wamenipa jina: Bingwa wa Kutema. Jumanne nzima sikupita mahali bila mtu kuniuliza kama nimebeba beseni langu.

Hapo lazima niwaeleze jambo kuhusu shule yetu. Bwaloni tunakula maharage siku sita kwa wiki, na ya saba tunakula yaliyobaki. Meza moja ina wanafunzi kumi, na njaa ya watu ishirini. Wakubwa wetu walituachia urithi mmoja unaoitwa kupiga mdudu. Unatazama sahani yako, unainua uso taratibu, unasema kwa sauti ya msiba, "Mende." Wageni wa kidato cha kwanza husukuma sahani zao mbali. Wewe unazivuta. Baada ya wiki mbili hata wageni wanaujua mchezo huo, na mende anatangazwa kila siku bila mtu yeyote kuacha kutafuna.

Jumanne usiku nilikaa na hasira zangu na kalamu yangu, na mkono ukaandika ulichozoea:

"TAARIFA YA MKAGUZI MKUU. Mgahawa wa Mama Mwiko. Leo Jumanne, ndani ya maharage, nimemkuta mende mzima mwenye afya njema kuliko mpishi. Wananchi wajihadhari."

Mdogo wangu aliisoma kabla wino haujakauka. Aliniambia mimi kule sikula, nilitema tu. Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa.

Nilidhani watu watacheka kama walivyocheka juu ya samaki. Hawakucheka. Mtu akisoma neno mende, macho yake hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Jumatano mchana meza tatu zilikuwa tupu. Ijumaa zikawa tano. Jumamosi mtu alichora mende kwa mkaa kwenye mlango wa Mama Mwiko, mwenye miguu mingi kuliko inavyohitajika, na watoto wale walioniita Bingwa wa Kutema wakahamia kwake, wakipita wanatembeza vidole hewani kama vipapasio. Waliokula pale miaka nenda rudi sasa walikumbuka kwamba matumbo yao yaliwahi kuuma. Mwanamke mmoja kwenye foleni alisema alijua tu, kwani mtu asiyecheka ana jambo analolificha. Mkaanga samaki alisimama mbele ya mlango wa mwenzake, akakohoa kwa nguvu, akatema mate, akaenda zake.

Kwa siku mbili nilifurahi, sitawadanganya. Siku ya tatu nilikuwa karakanani nimeshika chai ya baba, nikamwona Mama Mwiko akifuta meza ambayo hakuna aliyeilia. Aliifuta yote, pembe kwa pembe, akaenda ya pili. Alipofika ya sita alirudi ya kwanza.

Jumapili jioni baba alituambia habari zilipofikia. Mtu amepeleka ile karatasi kwa Bwana Afya, yule ofisa anayekagua vyakula. Kesho anakuja, na akifunga mgahawa, mwenye nyumba ameshaapa kumpa chumba kile muuza simu. Baba alisema Mama Mwiko amekaa pale miaka kumi na miwili, na hana pengine pa kwenda na masufuria yake. Mdogo wangu alinitazama juu ya bakuli lake. Mimi nikakitazama kijiko changu kwa bidii, kana kwamba kimeandikwa kitu.

Jumatatu mchana baba alinishika bega. Alisema twende tukale kwa Mama Mwiko, kwa sababu ukoo wetu hauhami meza kwa ajili ya karatasi. Nilimwambia tumbo linaniuma. Akasema vizuri, wali utalisaidia.

Wateja tulikuwa wawili. Fundi viatu alikuwa kwenye benchi lake mlangoni, akijifanya anashona. Mama Mwiko alinitambua mara moja. Alisogeza beseni la kunawia mbali nami kwa mguu.

Bwana Afya akaingia, amevaa koti jeupe, ana tochi na daftari. Enyi wasomaji, sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona nikimtazama mkaguzi wa kweli akifanya kazi. Huyu hakuzungusha kitu wala hakufumba macho. Alifunua kila sufuria. Alipiga magoti akamulika nyuma ya jiko, akaingiza kidole chini ya sinki na kukitazama, akanusa kitambaa cha vyombo, akaomba cheti cha afya cha mpishi na kukisoma mpaka mhuri. Alitumia karibu saa nzima. Mwishowe alisema hajaona hata mavi ya mende.

Mama Mwiko alimuuliza kama basi yamekwisha. Bwana Afya akatikisa kichwa. Alisema lipo lalamiko la maandishi, mtaa mzima umelisoma, na kwa lalamiko la namna hiyo sheria inamtaka afunge mgahawa siku thelathini huku akichunguza, isipokuwa mlalamikaji alifute mwenyewe. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye afya njema kuliko mpishi, fundi viatu alikohoa.

"Rudia," Mama Mwiko alisema. "Mende yuko ndani ya nini?"

"Ndani ya maharage."

Aliuinua mwiko, akauelekeza kwenye ubao. Wali, ndizi, mchuzi wa nyama, samaki, mboga. Alisema maneno yale hayajabadilika tangu afungue, na atafutwe mtu mmoja mtaani aliyewahi kula maharage kwake. Baba alisema ni kweli, yeye amekula pale tangu siku ya kwanza na harage hajaliona. Fundi viatu akasema kutoka mlangoni kwamba ni kweli tupu, ila hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

"Kwa nini hupiki maharage?" Bwana Afya aliuliza. "Kila mtu anapika."

"Nilisoma bweni miaka sita," alisema Mama Mwiko. "Niliyamaliza yangu yote huko."

Kisha, mwiko ukiwa bado hewani, alimsogelea Bwana Afya. Akaichukua karatasi mkononi mwa Bwana Afya, akaisoma mwenyewe, taratibu.

"Hii si taarifa. Huu ni mchezo wa bwaloni. Sisi tulikuwa tunasema funza. Naona siku hizi wamepandishwa cheo." Akaikunja karatasi mara mbili. "Mtaani hapa nani anasoma bweni?"

Baba aliweka kijiko mezani. Ni yeye aliyewatangazia wote, hata wasiouliza, kwamba mtaa mzima mtoto aliye bweni ni wake peke yake. Hakunitazama. Alikitazama kijiko kile.

Mama Mwiko hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alipakua wali, akaumwagia mchuzi, akaweka sahani mbele yangu.

"Kula."

Nikala. Nyama ilikuwa laini, chumvi ilikuwa mahali pake, na mchuzi ulikuwa umepikwa kwa saa nyingi na mtu asiyekuwa na haraka.

"Una ladha gani?"

"Mtamu, mama."

"Na Jumanne ulikuwaje?"

Nikasema Jumanne sikuja. Akauliza Jumatatu. Nikasema Jumatatu nilikunywa juisi tu, na chakula chake sijawahi kukila mpaka leo.

"Hata hiyo juisi hukuinywa," alisema baba. "Uliitema."

Nikayasema yote, kuanzia kioo cha bafuni mpaka wino wa Jumanne usiku. Bwana Afya aliandika, halafu akaacha kuandika. Alisema kwake kukiri kwangu mle ndani hakutoshi. Lalamiko lilisomwa na watu, na litafutwa mbele ya watu hao hao, la sivyo hawezi kulifunga daftari lake.

Mama Mwiko aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Bwaloni mko watoto wengi, na wote wanajua kwamba wewe ni muongo mwenye njaa. Kwa hiyo uongo wako unakula sahani moja, basi. Huku nje hakuna anayejua. Huku umepiga mdudu, ukala miaka yangu kumi na miwili. Nimesikia samaki amesemwa, kuku amesemwa, na kama mtu alionja akaona kibaya, haki yake, aseme. Lakini ulimi usioonja hauna ushahidi. Umeelewa, au nikuandikie ukutani?"

"Nimeelewa, mama."

Niliuliza kama ninaweza kwenda mashineni kesho asubuhi, foleni ikiwa fupi. Akasema ndiyo maana nitakwenda sasa.

Basi tukavuka barabara. Bwana Afya mbele na daftari lake, mimi katikati, baba nyuma, na fundi viatu pembeni akiwa ameacha viatu vya watu benchini ili asikose neno. Foleni ilifika mpaka kwenye mfereji. Mdogo wangu alikuwamo, ana beseni la mahindi ambayo mimi ndiye niliyetumwa kuyapeleka. Mkaanga samaki alikuwamo pia, amekunja mikono kifuani. Bwana Afya aliomba mashine izimwe kidogo. Sijui kama mmewahi kusimama mahali mashine ya kusaga imezimwa na watu wote wanakutazama.

"Ieleweke kwa wote," nilianza, "wakubwa kwa wadogo..."

"Sema kama mtu," alisema mdogo wangu.

Nikasema kama mtu. Nikasema Mkaguzi Mkuu ni mimi, nimeandika uongo juu ya Mama Mwiko. Mende hakuwapo, maharage hayakuwapo, na Jumanne hiyo hata mimi sikuwapo. Mwanamke aliyesema asiyecheka ana jambo akatafuta kitu chini kwenye ndoo yake. Mtu mmoja alinizomea, wengine wakamfuata. Bwana Afya alichana karatasi yangu vipande vinne, akalifunga daftari, akamwambia Mama Mwiko, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, kwamba anaweza kuendelea kupika.

Nikadhani yamekwisha. Nikageuka niondoke. Mkaanga samaki akanizibia njia.

"Na wangu?" alisema. "Yule wa kusugulia miguu. Ulimla, au ulimtema?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anasubiri jibu kama wengine.

"Nilimla, mjomba," nikasema. "Nikaagiza wa pili. Na miiba niliilamba."