Ngazi za Chini ya Stoo

Kigae cha pili kutoka mlangoni kilikuwa cha moto. Fundi alikigusa kwa kiganja, akauondoa mkono haraka. Stoo ya shangazi yake haikuwa na dirisha, na saruji aliyoimwaga jana ilipaswa kuwa baridi.

"Shangazi, huku chini kumepita bomba la maji ya moto?"

"Bomba lipi? Nyumba hii hata maji baridi ni ya ndoo," shangazi akajibu kutoka jikoni.

Fundi akacheka, akapiga magoti, akagonga kigae kwa mpini wa mwiko kusikiliza kama kuna uwazi. Ko, ko. Chini kukajibu, ko, ko. Kisha ikaja sauti ya kiume, ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Hodi."

Kinywa kina mazoea yake. Kabla akili haijafika, fundi alishasema, "Karibu."

Kigae kikapasuka katikati, na ufa ukakimbia hadi ukutani. Stoo ikajaa harufu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua. Shangazi akatokea mlangoni, sufuria mkononi.

"Umemwitikia?" akanong'ona.

"Nilidhani jirani."

"Jirani wa chini ya sakafu, mwanangu?"

Akamweleza mbiombio, macho yasitoke kwenye ufa. Babu yake fundi alipochimba msingi wa stoo ile, sururu ilitumbukia. Chini kulikuwa na ngazi za mawe, na mwisho wa ngazi ufalme wa majini, wenye walinzi, soko na taa za kijani zisizotoa moshi. Mwanzoni walikuwa majirani wema. Walipanda kuomba chumvi, wakarudisha bakuli limeoshwa. Halafu wakamwalika harusini kaka yake shangazi, kijana wa miaka kumi na saba. Akashuka, asirudi. Mganga aliuziba mlango, akaonya kwamba utafunguka tu siku mtu wa damu ya nyumba ile atakapomkaribisha mgeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja kuweka vigae? Sakafu ya zamani ilianza kutitia. Sasa msindikize arudi kwao. Wewe ndiye uliyemkaribisha. Ukomee ngazi ya tatu. Ya nne ni yao."

Vigae vinne vikadidimia bila kishindo, na shimo likawa wazi. Fundi akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, na hapo mkono asiouona, mkavu, wa moto, wenye vidole vyenye viungo vingi kuliko vyake, ukaingia taratibu ndani ya mkono wake kama wa rafiki wa siku nyingi, ukamvuta hadi ya tatu, na chini kabisa akaona taa za kijani zikisogea pamoja, nyingi, kana kwamba mji mzima umetoka kumpokea.

"Kidogo tu mbele, mwenyeji wangu."

"Hapa panatosha. Nenda salama."

Vidole vikakaza. Ndipo gizani ikasikika sauti nyingine, changa.

"Kijino? Ni wewe, Kijino?"

Juu, sufuria ikaanguka. Hilo lilikuwa jina la utani la shangazi, la utotoni, na waliolijua wote walishazikwa. Wote isipokuwa mmoja.

"Kaka!"

"Nipe mkono, nipande. Nimechoka huku."

Fundi akaona mguu wa shangazi ukitafuta ngazi ya kwanza. "Shangazi, usishuke! Nakuomba!"

Mguu ukabaki hewani, kisha ukarudi.

"Mama alifariki, kaka," akasema, sauti ikikatika. "Alikungoja mpaka siku ya mwisho. Na mimi sasa ni mzee. Nenda salama."

Kule chini mtu akalia kama mtoto. Vidole vikalegea, na fundi akapanda kwa magoti na viwiko. Mchana uleule alimwaga zege shimo zima, akaweka vigae vipya, akamsihi shangazi ahamie kwake.

"Nikihama, nani atampa habari za nyumbani?"

Wiki mbili baadaye alipita kumjulia hali. Alimkuta ameketi kwenye sakafu ya stoo, miguu ameinyoosha, anasimulia jinsi mkwe wao alivyovunjikiwa na kiti mbele ya wageni. Alipofika pa kuchekesha akanyamaza, akangoja.

Chini ya vigae mtu akacheka, kicheko cha kijana. Kisha wengine wakamfuata, wanaume kwa wanawake, na kicheko kikaenea chini ya jiko, chini ya ukumbi, hadi chini ya miguu ya fundi pale mlangoni.