Pini Nyeusi ya Bi Ofilia

Kila asubuhi nilikuwa na kazi moja: kukagua nguo. Baba yangu, Vetio, alikuwa dobi hapa Roma. Nguo zikishafuliwa, Damasi, mtumwa wetu, alizitandaza juu ya tenga na kuzifukiza salfa ili ziwe nyeupe pe. Moshi huo huifanya fedha iwe nyeusi, kwa hiyo ilinipasa kwanza kupapasa kila pindo na kutoa pini. Siku hiyo wenzangu waliniita nje tucheze. Nikapitisha mkono juujuu, nikasema, "Tayari, baba!"

Jioni Bi Ofilia aliingia dukani akihema, joho lake mkononi. Harusi ya bintiye ilikuwa kesho.

"Vetio! Nilisahau humu pini ya fedha ya marehemu mama yangu. Sasa nakuta hiki kichuma cheusi. Nani kaibadilisha?"

"Nonia, ulikagua joho hili?" baba aliniuliza.

"Ndiyo, baba. Halikuwa na pini."

"Basi haikuingia kwenye moshi. Imeibwa kabla, kikawekwa hiki." Baba akamgeukia Damasi, aliyeahidiwa uhuru mwezi ule. "Ni wewe! Uhuru huo usahau."

"Bwana, naapa sijaigusa," Damasi alisema.

Niliogopa fimbo ya baba, lakini kumtazama Damasi usoni kulinishinda kabisa. Nikaichukua ile pini, nikachota udongo mweupe wa kufulia, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Weusi ukatoka. Fedha ikang'aa.

"Ndiyo yenyewe!" Bi Ofilia alipiga kelele.

"Nisamehe, baba," nilisema huku nalia. "Sikukagua. Nilidanganya."

Baba akaketi kwenye benchi.

"Mwanangu, uvivu wako ulichafua pini, na pini imesafishika. Uongo wako ungemnyima mtu uhuru. Hapo ungesugua nini?" Akashusha pumzi. "Na mimi nimemhukumu bila kuchunguza. Damasi, niwie radhi. Kesho asubuhi twende kwa hakimu, uwe huru mbele ya mashahidi."

"Shahidi wa kwanza mimi, kabla ya harusi," alisema Bi Ofilia.

Damasi alifuta macho, akanitazama.

"Nonia, kesho nitaleta joho langu hapa kama mteja. Ole wako usipolikagua!"