Gia Iliyoingia Yenyewe

Mimi siogopi kitu, muulize yeyote. Ila haya yalimkuta rafiki yangu Misuli, fundi wa giaboksi mwenye maneno mengi kuliko spana, na tangu siku hiyo nimeacha kumtania.

Shemeji yake alinunua gari la spoti lililotumika, jekundu, linang'aa kama limelambwa. Kasoro yake moja: gia ilikuwa ikichomoka yenyewe na kuingia rivasi. Misuli, kwa kiburi chake, akalinyanyua kwa jeki tupu bila stendi za kulishikilia. Akajipenyeza chini, akaishusha giaboksi na kuilaza sakafuni ubavuni mwake. Hapo umeme ukakatika. Gereji ile haina dirisha na mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo kukawa giza tii mchana kweupe.

Juu yake kiti cha dereva kikalia nyaaa, kama kimekaliwa na mtu mzito. Jeki ikaguna.

"Shemeji, toka humo! Gari litanilalia!"

"Nitoke wapi? Mimi niko getini huku," shemeji akajibu kwa mbali, akicheka. "Fundi mzima unaogopa giza?"

Misuli akasikia pedali ya klachi ikikanyagwa taratibu. Kisha mkono wa gia, ambao haukuwa umeshikana tena na kitu chochote, ukasukumwa: klak!

Akaanza kutambaa kutoka, polepole, jeki isije ikateleza. Kiwiko chake kikaigusa giaboksi pale sakafuni. Ilikuwa ya moto, na ndani yake meno yalikuwa yanazunguka.