Msemaji wa Kukodi na Hoteli ya Cucu Tabby

"Cucu, nyanya wa bwana harusi, Mungu amlaze pema, alikuwa mama wa wasafiri wote!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki na sufuria ya maharagwe ya njahi mikononi.

Tulikuwa kwetu Ngoingwa, ruracio, siku ya kuleta mahari, ya msichana wangu Wanja. Aliyekuwa akiongea ni Njau, msemaji ambaye Kiama, mchumba wa Wanja, alikodi aseme kwa niaba ya familia yake. Siku hizi mtu anakodi mdomo vile anakodi tenti.

"Guka, babu yake, alichonga mawe kwa mkono," Njau akaendelea, "akajenga hoteli kando ya barabara ya zamani, huko nje ya Ruiru. Madereva wa lori walilala hapo. Mwaka wa El Nino, daraja ilipobebwa na maji, cucu alilisha abiria wiki nzima na hakuitisha mtu kitu!"

Hiyo hoteli ni ya mama mkwe wangu, Tabby. Na Cucu Tabby alikuwa ameketi hapo mbele na kitambaa chake cha kanisa.

"Kijana," akasema, "huyo mwanamke alikufa lini?"

"Kitambo, cucu."

"Na mimi basi ni nani?"

Njau akageukia Kiama.

"Kwani si hii ndiyo stori ulinipatia?"

"Wee, nyamaza!"

"Ninyamaze nini? Si ndiyo nilisema kule Matuu, kwa kina Ndila, na wazee wakafurahi?"

Wueh!

Mwaka mzima Kiama alikuwa anakuja na simu yake kurekodi Cucu. Cucu, nani walikuwa wanalala hapa? Cucu, barabara kubwa ilipojengwa magari yakapotea, mlikula nini? Mimi nikasema huyu anapenda watu wetu. Nikawa namchinjia kuku!

Wanja alikuwa amefichwa na wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso, ndio Kiama amchague kama ilivyo desturi. Hakungoja kuchaguliwa. Aliitupa leso chini.

"Ndila ni nani?"

"Babe, relax. Tuongee kando."

"Ongea hapa hapa. Njau, uko na namba yake?"

"Iko."

Wanja akapiga, akaweka spika.

"Hello, Ndila? Naitwa Wanja. Kiama ni nani wako?"

"Ni bwanangu. Harusi yetu ni Desemba, kwa hoteli ya marehemu cucu yake. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mjukuu wa huyo marehemu. Anakunywa uji hapa."



"Mbona Kiama aliniambia leo ako kazi Kisumu?"

"Muulize mwenyewe, anakusikia."

"Ndila, sikiza..." Kiama akaanza. Simu ikakatwa.

Wanja akamwangalia. Machozi yalikuwa yanatoka na hakuyapanguza. Msidhani hakumpenda.

"Kwa nini, Kiama? Kama ni uongo, si ungetunga wako?"

"Kina Ndila ni watu wa maana. Ningewaambia nini? Mzee wangu hana kitu ya kusemwa!"

Na huyo mzee, Simeon, alikuwa ameketi nyuma yake. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono ya koti imefunika vidole. Akasimama polepole.

"Nimepalilia mananasi ya watu mpaka mgongo ukapinda, ndio wewe usome. Hiyo haisemwi?"

Kiama akaangalia viatu vyake. Kule Matuu hata hakuwa amempeleka huyo mzee. Alikodi baba pia! Njau ndiye alituambia.

"Mimi sijui tena hii ni nini," Mzee Simeon akasema. "Mtusamehe. Wacha twende."

"Wewe keti ule, baba," Wanja akamwambia. "Kiama, mbuzi zako ziko kwa geti. Fungua uende nazo."

"Wanja, tafadhali. Ni wewe nilikuwa nataka kwa ukweli."

"Fungua mbuzi."

Akaenda, na suti yake ya bluu, akivutana na mbuzi wawili barabarani, watu wa boda wakimpigia honi. Mzee Simeon akakula njahi kando ya Cucu Tabby. Akamwambia aliwahi kunywa chai kwa hiyo hoteli akiwa kijana, ilikuwa na maziwa mengi.

Wazazi wenzangu, nawaambia kwa uchungu. Kijana akija kwenu na msemaji mwenye sauti tamu, mwambieni huyo akae chini kwanza. Muulizeni kijana baba yake anafanya kazi gani. Na mumwachie baba ajibu mwenyewe.