Zulia Lililolowa Upande wa Abiria

Nilipiga magoti mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, nikaomba msamaha huku makamasi yananitoka...

Kosa langu? Nilinusa gari!

Msicheke jamani. Kaeni vizuri niwasimulie.

Gari lenyewe ni langu. Niliachiwa na marehemu baba, dereva wa maisha yake yote. Ni la zamani, boneti imepauka, na dirisha moja la nyuma halipandi mpaka ulisaidie kwa kiganja. Mimi nashona mapazia nyumbani. Mume wangu anasambaza vifaa vya ofisi, kwa hiyo mchana kutwa linakuwa naye.

Basi gari likaanza kuchemsha. Mshale wa joto unapanda, mvuke unafuka, tunasimama kando ya barabara. Tunasubiri lipoe, tunaongeza maji, tunaondoka. Kesho maji yamepungua tena...

Na chini hakuna hata tone!

Jumamosi moja tukawa tunapeleka mapazia kwa mteja. Nikakaa mbele, nikavua viatu ninyooshe miguu.

Miguu ikalowa.

Zulia la upande wa abiria lilikuwa chapachapa! Kioo cha mbele kina ukungu kwa ndani. Na harufu sasa... tamu, nzito, imejikalia kwenye kiti kama mwenye nyumba.

"Hii harufu ya nini?"

"Harufu gani?"

"Ya manukato."

"Mke wangu, umeanza."

"Nani anakaa kwenye hiki kiti?"

"Kinakaliwa na maboksi ya karatasi!"

"Maboksi yanajipaka manukato?"

Tulifika kwa mteja hatusemeshani. Nilikuwa na hasira mpaka nikatundika pazia juu chini.

Jioni mume wangu akanikalisha sebuleni, mpole kabisa. Akatoa simu.

"Tazama hii."

Ilikuwa video ya fundi akieleza mambo ya magari ya zamani. Kwamba nyuma ya dashibodi kuna hita, na maji ya rejeta hupita humo. Hita ikitoboka, maji yanamwagika ndani ya gari. Zulia la abiria linalowa. Kioo kinaweka ukungu. Na ile dawa ya kijani inayochanganywa na maji, kulanti, ina harufu tamu.

Jamani! Kila kitu kilikaa mahali pake. Ndiyo maana chini hakuna tone, kumbe yanamwagikia ndani! Nilijiona mjinga wa mwisho.

"Nisamehe mume wangu."

"Hapana," akasema. "Umenivunjia heshima. Hili litazungumzwa nyumbani kwetu."

Kikao kikaitwa. Sebule ya wakwe, makochi yamefunikwa vitambaa nilivyoshona kwa mikono yangu. Mama mkwe, baba mkwe, wajomba, mashangazi, wote wamenikazia macho. Mume wangu akaeleza kwa huzuni, video ikapita mkono kwa mkono.

Kisha mdada aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. Binamu wa mume wangu.

Huyu binamu alikuwa ameanza kuonekana kwenye shughuli za ukoo siku si nyingi. Mchapakazi huyo! Vyombo anaosha yeye, chai anamimina yeye. Shangazi anamwita shangazi, mjomba anamwita mjomba, hakosei.

"Wifi, mimi ni shahidi," akasema. "Siku kaka aliponipa lifti, viatu vyangu vililowa mpaka soksi. Na hiyo harufu ipo kweli. Ni gari tu, wifi yangu."

Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Mkwe wangu, wivu utakubomolea nyumba. Omba msamaha yaishe."

Nikapiga magoti. Nikaomba.

Na aliyeniinua ni huyo huyo binamu. Akanifuta machozi kwa leso yake! Kwa kuwa nilikuwa nimelia mpaka pua zimeziba, sikunusa kitu.

Baada ya hapo nikawa mke mtulivu. Gari bado linachemsha, zulia bado linalowa, mimi kimya. Nikigusia matengenezo, mume wangu ananijibu kwa upole.

"Hita ni kazi kubwa, mke wangu. Dashibodi nzima inatolewa. Nitalipeleka."

Hakulipeleka.

Mpaka aliposafiri kikazi, akaliacha gari nyumbani. Nikasema ngoja nimfanyie sapraizi mume wangu, akirudi alikute zima. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, jamani! Nikaenda kwa fundi aliyekuwa akilitengeneza enzi za baba.

Fundi kwanza aliacha injini ipoe kabisa.

"Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi moto, dada. Kitakubabua uso."

Ilipopoa akakifungua, akajaza maji, akafunga pampu ya mkono yenye geji ya kupimia presha mdomoni mwa rejeta. Akapampu hewa. Mshale ukapanda, ukasimama... halafu ukaanza kushuka taratibu.

"Inavuja," akasema.

Akashika tochi, akapapasa mpira mmoja mmoja wa maji, akatazama rejeta pande zote. Mwishoni akamulika ubavuni mwa injini.

"Njoo uone. Hii ndiyo wota pampu, inazungusha maji. Unaona hii michirizi?"

Niliona michirizi iliyokauka, weupe wenye ukijani, kama chumvi.

"Inatoka kidogo kidogo hapa. Injini ikiwa moto, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Ndiyo maana huoni tone. Tunabadilisha pampu na gasketi yake, na mpira wa juu umeshakakamaa, nao tunautoa. Likiondoka hapa halichemshi tena."

Nilifurahi! Nikamuuliza, "Na hita je?"

"Hita gani?"

"Ya ndani. Ile inayomwaga maji kwenye zulia."

Fundi akanitazama kama mtu anayepima aseme au anyamaze. Akaniita nyuma ya injini.

Bomba mbili fupi zilikuwa zimechomoza pale, kavu, midomo yake imezibwa kwa raba zenye vumbi la miaka. Juu yake mpira mmoja ulitoka kwenye injini, ukapinda, ukarudi kwenye injini.

"Hita ya gari hili ilikatwa zamani, dada. Maji hayaingii ndani kabisa. Alikata baba yako mwenyewe. Alisema joto tunalo bure, hita ya nini?"

Nikainama niangalie. Mpira ulikuwa umefungwa kwa waya, na ncha za waya zimekunjwa kwa ndani ili atakayekuja kushika baadaye asichomwe. Baba alikunja hivyo kila waya aliofunga maishani mwake, hata wa uzio wa nyumbani.

"Sasa zulia linalowa na nini?"

"Hilo si maji ya rejeta," fundi akasema taratibu. "Labda linaoshwa."

Linaoshwa!

Kila siku kabla ya kurudi nyumbani kwangu, mume wangu anaosha kiti cha abiria! Anafuta nyayo za mtu!

Nikajikalia kwenye tairi kuukuu pale gereji. Na hapo ndipo soksi zikanijia akilini...

Kama hita haina maji, na zulia linaoshwa abiria akishashuka, binamu alilowaje?

Mume aliporudi nikampokea kwa tabasamu.

"Mume wangu, gari limepona. Naomba tuwaite wazee nyumbani, niwashukuru kwa kuniweka sawa."

Alifurahi huyo! Nikapika. Wakaja wale wale. Binamu akaja mapema, akajifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni kwangu kunisaidia. Nikamwacha asaidie. Fundi naye nilimwalika.

Tulipomaliza kula nikasema kwa sauti, "Wifi, hebu tusimulie tena zile soksi zako. Mimi sikuzisikia vizuri, nilikuwa nalia."

"Yaani wifi, zililowa mpaka nikazikamua!"

Watu wakacheka. Mume wangu alicheka kuliko wote.

"Tutokeni nje basi tulione gari," nikasema.

Nikafungua boneti mwenyewe. Fundi akaonyesha zile bomba kavu, akaeleza polepole mpaka shangazi mzee akaelewa. Vicheko vikakatika.

Mume wangu akawa anaangalia tairi.

Baba mkwe si mtu wa maneno. Alizitazama zile bomba, akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia binamu.

"Wewe binti, ni wa nani?"

Binti akainamia fundo la kanga.

"Si wa kwenu huyu?" mama mkwe akamuuliza mumewe.

"Kwetu? Mimi najua ni wa upande wako!"

Wajomba wakawatazama mashangazi. Mashangazi wakawatazama wajomba...

Jamani! Hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale!

Upande wa baba walidhani ni wa upande wa mama. Upande wa mama walidhani ni wa upande wa baba. Na katika ukoo mkubwa, nani atamuuliza mtu anayeosha vyombo vizuri namna ile? Wamemlisha, wamepokea ushahidi wake, wamemwacha aniinue mimi kutoka magotini!

Aliondoka bila kuaga, na kanga yangu kiunoni.

"Mke wangu, naweza kueleza," mume wangu akasema.

"Eleza kwa video," nikamjibu. Nikanyoosha mkono, akaniwekea funguo.

Sasa naishi mwenyewe na cherehani yangu. Jana mama mkwe alipiga simu. Nikajua leo ataniomba radhi.

"Mwanangu, yameshapita hayo. Nakuomba usiyaandike mtandaoni, utatuaibisha."

Basi nimeyaandika. Walinipigisha magoti kwa kusema kweli, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Mtu akikueleza shida yako vizuri mno, hadi na video, fungua boneti uangalie mwenyewe.

Gari halichemshi tena. Zulia limekauka. Kile kiti nimekisugua kwa sabuni, nimekianika juani, nimekisugua tena.

Harufu bado ipo.