Mawe ya Babu Khalaf

Kila siku baada ya sala ya Alasiri, Tufool alifanya kazi za skuli ukumbini, karibu na bibi yake. Wiki hiyo darasa lao lilikuwa limesoma habari za kijiji kimoja cha Uingereza: kanisa lenye kengele, posta, na nyumba ya mikutano.

"Na kijiji chenu kina vyake," alisema Mwalimu Turkiya, aliyetoka Ibra. "Nendeni mkaulize, muandike."

Tufool alipewa habari za falaji, mfereji wa kale unaonywesha mitende ya kijiji chao, karibu na Al Qabil, Omani. Aulize maji yaligawanywa vipi kabla ya kuwepo saa. Aliyebaki akijua ni Babu Khalaf, msimamizi wa zamu za maji kwa miaka arubaini. Tufool akampigia simu.

"Njoo Jumatatu, mjukuu wangu. Usipojaaliwa, Jumanne. Nina pa kwenda mimi? Nitakuwekea halwa."

Jumatatu Tufool alikwenda kucheza kwa Samah. Jumanne jua lilikuwa kali. Jumatano akachukua kitabu chenye habari za kile kijiji cha Uingereza, akabadilisha majina, akaandika kwamba zamani maji yaligawanywa kwa kengele, na kwamba Babu Khalaf ndiye aliyemweleza. Akapata kumi kwa kumi.

Jumamosi Babu Khalaf akafariki ghafla.

Mwalimu Turkiya alimchukua Tufool matangani. Mjane, Bi Thuraya, alikuwa Nizwa wiki mbili akimuuguza binti yake, na hakumuwahi mumewe akiwa hai.

"Pole, Bi Thuraya," alisema mwalimu. "Mtoto huyu alizungumza naye wiki hii. Kayaandika maneno yake."

Bi Thuraya akamshika Tufool mkono. "Mwanangu, alikwambia nini? Alikuwa na furaha?"

Tufool akamtazama. Uongo mmoja tu zaidi, na mama huyu angefarijika.

"Sikwenda, bibi. Alinisubiri, nami sikwenda. Nimetunga yote."

"Astaghfirullah! Mtoto gani huyu!" alisema mwanamke mmoja.

Bi Thuraya hakugomba. Alimwongoza mpaka uani. Palikuwa na kijiti kilichosimamishwa mchangani, na mbele yake mawe kumi na mawili yaliyopakwa chokaa upya. Kando yake, sahani ya halwa imefunikwa kawa, sisimizi wanaingia na kutoka.

"Nilikuwa najiuliza haya kayapangia nani," alisema. "Kivuli kikifika kwenye jiwe, zamu ya maji inahamia shamba jingine. Kila jiwe lina jina lake."

Kivuli kilikuwa juu ya jiwe la nne.

"Hili linaitwaje, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nayajua matatu ya mwanzo. Mengine alitaka kukwambia wewe."

Tufool akalia mpaka kivuli kikasogea.

Kesho yake alisema ukweli mbele ya darasa, na alama zake zikafutwa. Kisha kila Alasiri akapita nyumba kwa nyumba, akiwauliza wazee wa mashamba. Baada ya miezi miwili, pamoja na yale matatu ya Bi Thuraya, alikuwa na majina tisa.

"Umejitahidi, na Mungu ni mwingi wa kusamehe," alisema Mwalimu Turkiya. "Lakini ukweli una wakati wake, mwanangu. Mtu akikusubiri kukwambia, nenda angali hai."

Mawe matatu hayajapata jina mpaka leo. Tufool huyapaka chokaa mwenyewe, akimsomea Babu Khalaf Fatiha.