Mzee Farouk Aliyeitikia Kila Kitu

Mzee Farouk anauza kanzu na leso sokoni Kisumu. Anaishi Kaloleni na mkewe Salme na binti yao Naeema. Sikio lake la kulia ni dhaifu tangu alipougua surua utotoni. Hilo halikumsumbua, kwa sababu la kushoto lilisikia mpaka siri za majirani.

Asubuhi moja aliamka akakuta sikio la kushoto limeziba. Ndani yake mlikuwa na mvumo, kama vile kuna kinu cha posho. Salme alikuwa akiongea naye, lakini Farouk aliona midomo tu.

Akajiambia ni nta. Akajimiminia mafuta ya simsim ya vuguvugu. Sikio halikufunguka, ila shingo ya kanzu ililowa vizuri.

Angeenda hospitali siku hiyohiyo, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Jumapili wageni wa posa walikuwa wanakuja. Kijana Rayyan, fundi wa matrekta huko Muhoroni, alitaka kumuoa Naeema, na Naeema alimpenda sana. Farouk aliogopa. Wageni wakijua hasikii, si watasema nyumba hii ina maradhi? Basi akaficha, hata Salme hakuambiwa. Salme akisema neno, yeye anaitikia kwa kichwa. Salme alifurahi mno wiki hiyo. Hakuwahi kuona mume mtiifu namna ile.

Jumapili, Mzee Salim, ami yake Rayyan, alifika na wazee wenzake. Wanawake walikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Katika posa, anayejibu ni baba wa binti, na hakuna wa kumkatiza. Farouk alikuwa na mpango wake. Wakicheka, atacheka. Wakinyamaza, ataitikia.

"Mzee Farouk, kabla hatujasema mengi," alianza Salim. "Kuna mtu mwingine ameleta posa hapa?"

Farouk aliitikia kwa kichwa.

Salim alimtazama. "Na mmemkubali?"

"Kwa moyo mkunjufu kabisa," alisema Farouk.

Mzee mmoja aliacha sambusa mdomoni bila kuitafuna. Salim aliweka kikombe chini. "Basi sisi tunaenda. Hatuna neno."

"Alhamdulillahi," alisema Farouk. Akawasindikiza mpaka barabarani, akiwapungia mkono.

Aliporudi alimkuta Naeema analia. "Machozi ya furaha," alisema, akimpapasa bega. Naeema akalia zaidi.

Salme alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Farouk aliitikia kwa kichwa. Hapo Salme akashtuka. Alichukua ubao wa chapati uliokuwa bado na unga, akaandika kwa kidole: UMEWAFUKUZA.

Farouk alisoma. Akaketi.

"Mke wangu, mimi sisikii," alisema. "Nilikuwa naona aibu." Akalia mbele ya binti yake, wala hakuficha uso.

Salme alimwita jirani yao Lorna, ambaye ni muuguzi. Lorna hakupiga kelele. Alivuta kiti karibu na dirisha, akakaa uso kwa uso na Farouk, akasema polepole. Maneno ambayo Farouk hakuyapata, alimwandikia kwenye simu.

"Mzee, hii kitu ilianza lini?"

"Jumatano."

"Na umeweka nini ndani?"

"Mafuta ya simsim."

"Wacha hiyo mambo. Usiweke mafuta, usichokore na njiti. Sikio ikizimika ghafla, hiyo ni dharura, kama vile mguu imevunjika. Dawa inasaidia zaidi ukianza mapema, hizo siku za kwanza. Ukingoja, inaweza kukosa kurudi."

"Itarudi?"

"Siwezi kukudanganya, Mzee. Wengine hurudi, wengine hapana. Lakini twende sasa hivi."

Hospitalini daktari alichungulia masikio, akapima usikivu, akampa vidonge. Polepole sikio la kushoto lilirudi kidogo, si lote. La kulia likawekewa kifaa cha kusaidia kusikia. Siku ya kwanza Farouk alilalamika kwamba sufuria za Salme zinagombana.

Lorna aliwafundisha watu wa nyumbani pia.

"Msimuite kutoka jikoni. Mguse bega kwanza. Muangalie usoni, muongee mmoja mmoja. Na wewe Mzee, usipopata, sema hujapata. Usiitikie tu."

Hilo la mwisho lilimchoma Farouk, lakini alilishika. Salme akagundua kwamba mume mtiifu ameondoka. Sasa alisikia, na alibisha.

Farouk alikwenda mwenyewe Muhoroni kwa Mzee Salim kuomba radhi. Alieleza yote, pamoja na mafuta ya simsim. Salim alicheka mpaka akakohoa. Wageni wakarudi Kaloleni.

Safari hii Farouk alikaa penye mwanga, na wazee wakazungumza kwa zamu. Mambo yote yalipokubaliwa, Naeema aliitwa.

"Naeema, unamkubali Rayyan?" aliuliza baba yake.

Naeema aliinamisha uso kwa haya.

"Amenyamaza," alisema Salim. "Na binti akinyamaza, amekubali. Ndiyo desturi yetu."

Farouk aliinua mkono. "Bwana Salim, kwangu mimi siku hizi watu wengi wananyamaza. Nitajuaje nani amekubali? Huyu nilishamjibia mara moja bila kusikia, karibu nimharibie maisha." Akamgeukia binti yake. "Inua uso, mama. Sema nikuone."

Naeema aliinua uso. Wazee wote walimtazama. "Nimemkubali, Baba," alisema.

"Sijapata."

Naeema alivuta pumzi. Akasema tena, polepole, kwa sauti ambayo hata jikoni ilisikika: "Nimemkubali Rayyan."

Farouk alitabasamu mpaka kifaa kikatikisika sikioni. Mpaka leo Salme anaapa kwamba mumewe alisikia tangu mara ya kwanza.